Wahunzi wa Kamukunji, na Elimu Isiyo na Shule

Wazee wa pwani walituachia methali isemayo, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mhunzi, hata asipojua kufua chuma, hakosi kujua kuvuta mivukuto ipulizayo moto. Methali hii yatuonyesha jinsi watu wa kale walivyoifikiri kazi ya chuma. Ilikuwa kazi ya ukoo, ikishuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama shamba lishukavyo. Lakini pana mahali katika mji wa Nairobi ambapo methali hiyo imepinduliwa. Hapo mtu asiye na mhunzi hata mmoja katika ukoo wake huanza kwa kuvukuta, na baada ya miaka huwa fundi mwenye wanagenzi wake mwenyewe. Mahali penyewe ni Kamukunji. Napenda kuwaeleza wasomaji habari za mahali hapo, hasa wale wa mashambani ambao hushika jembe na karai kila siku bila kujua vimetoka katika mikono ya nani.

Kamukunji iko upande wa mashariki wa mji, kando ya barabara iitwayo Landhies Road, karibu na soko kubwa la Gikomba. Mtu ashukaye katika kituo cha mabasi ya Machakos hana haja ya kuuliza njia, kwa kuwa atapasikia kabla hajapaona. Sauti za nyundo ni nyingi hata haziwezi kuhesabiwa, nazo hazipigwi kwa mwendo mmoja. Nyundo ya mtu afuaye shoka huanguka polepole na kwa uzito. Ya mtu anyooshaye bati huenda haraka kama mvua juu ya paa. Mgeni hulazimika kumwinamia mwenziwe sikioni apate kusikiwa, lakini wenyeji husemezana kwa vidole na macho, na bei hupatanwa hivyo hivyo.

Wengi walijua jina la Kamukunji kwa sababu nyingine. Uwanja ulio jirani ulikuwa mahali pa mikutano mikubwa ya siasa, na mkutano ulioitishwa hapo tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi unakumbukwa hata leo kwa jina la Saba Saba. Katika Kiswahili cha Kenya neno "kamukunji" limekuwa na maana ya mkutano wa hadhara. Basi mahali hapa pamelipa taifa neno la mikusanyiko, na pembeni yake pamekuwa chuo cha kazi ya chuma, ingawa hakuna aliyeandika neno "chuo" mlangoni.

Ukiingia ndani, njia ni nyembamba nayo imejaa bidhaa pande zote mbili. Hapa yamepangwa masanduku ya bati ambayo wazazi huwanunulia watoto waendao shule za bweni. Pale ziko sufuria kubwa za kupikia chakula cha harusi, makarai, wilibaro, majiko, vyombo vya kulishia kuku na mashine ndogo za kukatia viazi. Tena kuna mafundi wa majembe, shoka, patasi na mapanga, ambao kazi yao ndiyo iliyo karibu zaidi na uhunzi wa kale. Fuawe zao nyingi ni vipande vya reli ya zamani vilivyosimamishwa katika gogo au katika ardhi. Mivukuto ya ngozi imeondoka, na mahali pake pamechukuliwa na feni ndogo izungushwayo kwa mkono au kwa umeme. Lakini makaa ni yale yale, na jasho ni lile lile.

Ili tuelewe ajabu ya mahali hapa, yatupasa kukumbuka jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Chuma si kitu kilicholetwa kwetu na wageni wa jana. Mwanajiografia wa Kiarabu, al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba biashara hiyo iliwapatia faida kubwa. Katika vilima vya Samia, karibu na ziwa Victoria, watu walichimba mawe ya chuma wakayayeyusha, na majembe yao yalisafiri mbali katika nchi za Waluhya na Waluo. Wagikuyu walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakauosha kwa maji hata ukabaki ule mzito, kisha wakauyeyusha kwa makaa. Wakamba nao walisifiwa kwa mikufu yao myembamba iliyofanywa kwa ustadi mkubwa.

Lakini elimu hiyo ilizungushiwa boma. Kwa Wagikuyu mhunzi aliogopwa, maana laana yake ilidhaniwa kuwa kali kupita laana ya mtu mwingine yeyote. Kwa Wamasai hali ilikuwa ngumu zaidi. Wahunzi wao, waitwao Ilkunono, walitengwa, na watu wengine hawakuoana nao. Mtu aliyepokea mkuki mpya kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza, asije akapatwa na unajisi. Hivyo mtu yule yule aliyewapa watu silaha za kulinda ng'ombe wao hakuruhusiwa kuwa mkwe wao. Boma hilo liliihifadhi elimu isipotee, na pia liliizuia isienee. Kijana mwenye mikono myepesi na jicho zuri, kama hakuzaliwa katika ukoo ule, hakuwa na njia ya kuingia.

Boma lilibomoka kwa sababu kadha wa kadha. Vyuma na majembe kutoka ng'ambo viliuzwa kwa bei nafuu, na matanuru ya kuyeyushia mawe yakazimika moja baada ya jingine. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901, ilileta karakana na mafundi kutoka Bara Hindi. Mafundi hao walihitaji wasaidizi, na wasaidizi Waafrika walipokuwa wakishika koleo na kubeba vyuma, macho yao hayakulala. Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha ufundi huko Kabete, ambacho sasa ni Kabete National Polytechnic. Nafasi zake zilikuwa chache sana kwa watu waliotaka kujifunza. Kwa hiyo njia kubwa ya kupata ufundi ilikuwa kutazama, kujaribu, kuharibu, na kujaribu tena.

Watu waliopita njia hiyo ndio walioitwa Jua Kali, kwa sababu walifanya kazi nje, bila paa wala kivuli. Kwa muda mrefu askari wa manispaa waliwafukuza kama watu wanaochafua mji. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa kuhusu ajira katika Kenya, nayo ilieleza waziwazi kwamba kazi hizi ndogo zisizoandikishwa si uzururaji bali ni sehemu ya uchumi inayostahili kusaidiwa. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na vibanda vyenye paa vikajengwa. Mwaka 1988 iliundwa wizara ya mafunzo ya ufundi iliyopewa pia jukumu la Jua Kali, na mwaka 1992 Serikali ikatoa waraka maalum juu ya biashara ndogo na Jua Kali. Jina lililokuwa la dharau likawa jina la waraka wa Serikali.

Sasa mtu hujifunzaje hapa? Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akifua shoka kutokana na springi ya lori. Nilimwambia, "Mzee, shikamoo. Ni nani aliyekufundisha kazi hii?" Akajibu, "Marahaba. Hakuna aliyeniketisha chini akanifundisha, kijana wangu. Nilimvukutia mtu mwingine miaka mitatu, macho yangu yakiwa kwenye mikono yake. Akienda kula, nilitwaa nyundo yake nikapiga kipande kibovu. Akirudi hunifukuza, na kesho yake nafanya vile vile. Siku moja akarudi, akakitazama kipande changu, hakusema neno, akanipa cha pili."

Hivyo ndivyo shule ya Kamukunji ilivyo. Hakuna kitabu, na maneno ni haba. Mwanagenzi huanza kwa kuchambua vyuma chakavu, kisha huchochea makaa, kisha hushika koleo, kisha hupewa nyundo nzito ya kumsaidia fundi. Wengine hujifunza kwa kubomoa. Hununua kitu kilichotoka kiwandani, hung'oa ribiti zake zote, hulaza vipande chini, huvipima kwa kamba, halafu huvichora juu ya bati kuukuu na kuvikata kwa patasi. Anayeweza kukifumua kitu na kukirudisha kama kilivyokuwa amekwisha kupata nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni gumu zaidi, nayo ni kuufahamu moto. Chuma huzungumza kwa rangi. Kikiwa chekundu cha giza, bado ni kigumu, na nyundo itakichosha mpigaji bure. Kikifikia wekundu mwangavu huelekea kwenye rangi ya chungwa, na hapo hukubali kuumbwa. Kikiwa cheupe na kutoa cheche, kinaungua, na sehemu hiyo imeharibika. Mzee yule hufanya kazi yake kivulini kwa makusudi, maana katika mwanga wa jua rangi hizo hudanganya. Naona ni jambo la kutafakari kwamba watu waitwao Jua Kali walihitaji kivuli si kwa ajili ya raha tu, bali kwa ajili ya kazi yenyewe.

Tena si kila chuma kinafaa kwa kila kitu. Nondo ya kujengea na bati la pipa ni laini. Hata ukizitia moto na kuzitosa majini, haziwi na makali ya kudumu. Springi ya gari ni chuma cha pua chenye ugumu, nacho hufaa kwa shoka na panga. Mzee alinionyesha jinsi ya kuvitofautisha. Alikigusisha chuma laini kwenye gurudumu la kunolea, na cheche zikaruka ndefu na zilizonyooka. Alipoigusisha springi, cheche zilipasuka ncha zake kama maua madogo. Kisha alilipasha shoka moto mpaka sumaku ikakataa kulishika, akalitosa katika mafuta machafu ya injini. Aliniambia kuwa maji yangaliweza kulipasua. Baada ya hapo alilisugua likang'aa, akalipasha tena kwa moto mdogo, akitazama rangi ikitembea juu ya chuma: kwanza ya majani makavu, kisha ya hudhurungi, kisha ya zambarau, mwisho ya buluu. Alilizuia kabla ya buluu kufika makali. Shoka lisilopashwa mara ya pili huwa gumu kama kioo, na huvunjika kama kioo.

Nikamwuliza kwa nini mambo hayo huwa hivyo. Akacheka, akasema, "Kwa nini, sijui. Najua tu kwamba ndivyo."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike habari hizi. Mtu anayejifundisha mwenyewe hupata kujua namna ya kutenda, lakini mara nyingi hukosa kujua sababu, na kukosa sababu kuna gharama yake. Nimeona vijana wakichomelea bati lililopakwa zinki bila kujua kwamba moshi wake huleta homa. Nimeona mapipa yaliyokuwa na dawa kali yakifanywa vyombo vya nyumbani. Nimeona wengi wakipiga nyundo kutwa bila kitu masikioni, na wakikata chuma bila miwani. Ukoo wa kale wa wahunzi ulirithisha miiko pamoja na kazi, na baadhi ya miiko ile ilikuwa hofu tupu, lakini mingine huenda ilimlinda mtoto. Leo boma limebomoka, na aingiaye hujitafutia miiko yake mwenyewe, pengine baada ya kupoteza jicho.

Hata hivyo, pale elimu ya sababu ilipokutana na mikono ya mafundi hawa, faida ilionekana katika nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliokuwa wakitafuta njia ya kupunguza uchomaji wa makaa waliichukua jiko ya bati ya kawaida, wakajifunza pia kutokana na jiko la kule Thailand, na kukabuniwa jiko lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani yake. Udongo huo huzuia joto lisipotee ubavuni, na makaa hupungua kwa robo au zaidi. Kuna viwanda ambavyo vingaliweza kupewa kazi hiyo, lakini walioieneza ni mafundi wa Jua Kali, hasa wa Shauri Moyo, jirani na Kamukunji. Walirekebisha vipimo, walirahisisha ukataji wa bati, wakaliuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuitoa. Wengi wetu tumepikiwa chai juu ya jiko hilo bila kufikiri kwamba ni kazi ya watu wasio na hati.

Na hili la hati si jambo dogo. Mimi kazi yangu ni ya kalamu, na kila siku naona jinsi karatasi inavyomtangulia mtu mlangoni. Fundi mmoja wa hapo alinieleza kwamba alikwenda kuomba kazi ya kuchomelea malango katika jengo moja, akaambiwa alete cheti. Hakuwa nacho, na kazi ikapewa kijana mwenye cheti. Juma lililofuata kijana yule alikuja Kamukunji kumtafuta mtu wa kumsaidia, na aliyempata ni fundi yule yule, kwa nusu ya malipo.

Basi ni vyema wasomaji wenye ndugu au wana katika kazi hizi wajue kwamba mlango upo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ijulikanayo kwa herufi NITA, husimamia mitihani ya ufundi ya Serikali ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na mitihani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya waliosoma chuoni peke yao. Fundi aliyejifunza kazini, kama mchomeleaji au mfanyakazi wa mabati, aweza kupimwa kwa mikono yake na kupewa hati. Wapo mafundi hodari waliouacha mlango huo kwa kuogopa maswali ya kuandikwa, na hapo ndipo karani au mwalimu aliye jirani aweza kumfaa mwenziwe kwa kumsomea na kumwelekeza jioni mbili tatu. Kwa kufanya hivyo hatampa ufundi, maana anao tayari, ila atampa jina la kile anachokijua na sababu yake.

Liko jambo jingine linaloonyesha jinsi riziki ya watu hawa ilivyo nyepesi. Mwezi wa Januari 2022, baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa na wezi, Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi wa Mei mwaka ule ule. Hakuna mtu mwema atakayemtetea mwizi wa nyaya. Lakini kwa mhunzi wa Kamukunji chuma chakavu ndicho unga na maji. Springi ya lori lililokufa ndiyo shoka la kesho. Mhunzi mwenye busara hujitunza kwa kununua kwa mwuzaji mwenye leseni na kuweka risiti, hata kama risiti ni karatasi ndogo yenye mafuta.

Mwisho nawaelekea wakulima. Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima," nao walimsema mvivu anayetafuta kisingizio. Lakini mkulima wa kweli ana haki ya kukitazama chombo kabla ya kutoa fedha yake. Ukifika Kamukunji, au kwa mhunzi wa soko lenu, mwulize kitu hicho kimefuliwa kutokana na nini. Kigonge kwa chuma kingine usikilize. Kilio cha wazi ni dalili njema, na sauti iliyopasuka mara nyingi ni dalili ya ufa. Pitisha tupa juu ya makali. Ikila kwa wepesi kama inakula risasi, chuma ni laini. Ikiteleza bila kushika kabisa, huenda makali yatavunjika. Ikishika kwa shida kidogo, umepata kitu. Tazama pia tundu la mpini kama limenyooka. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kwa maswali hayo. Mzee yule nilipomwomba tupa, alinipa mwenyewe, akaniwekea shoka juu ya fuawe, akasimama kando akinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi.